Mkate Uliolazwa Kifudifudi

Kerubo aliingia nyumbani kwangu Arusha Jumamosi mchana, ametoka Namanga kwa basi, mkononi ana mkoba mmoja wa nguo na kwapani amebana mfuko mrefu wa karatasi, kama mtu aliyebeba mwavuli siku isiyo na mvua. Hatukuwa tumeonana tangu tulipoachana Dubai tukiwa wasichana, na kilichotukutanisha ni msiba. Bi Zuwena, mwanamke wa Unguja tuliyeishi naye chumba kimoja kule Al Nahda, alikuwa amefariki. Binti yake alitupa habari kwa simu, na kwa kuwa maziko ya Waislamu hayacheleweshwi, habari ilitufikia sote wawili mama wa watu akiwa ameshalazwa kaburini. Tukakubaliana basi tuhaniane wenyewe kwa wenyewe. Kerubo alinitazama pale mlangoni kuanzia juu hadi chini, akasema, "Mwalimu, umenenepa. Kumbe historia inalipa siku hizi." Kisha akautoa mkate kwenye mfuko. Ncha yake moja ilikuwa imeshaliwa njiani. Akauweka mezani, uso wenye chanjo za wembe ukitazama juu, akaupapasa mara moja kama anavyopapaswa mtoto aliyelala, akaenda jikoni kuinjika chai bila kuniuliza sufuria ziko wapi. Nikabaki peke yangu na ule mkate, na hamu moja tu: kuupindua niutazame chini. Sikuupindua. Kwa nini nilitaka kuupindua, na kwa nini mkono ulisita, ni mambo ya mwaka mmoja, mwaka 2007, ambao nimeufundisha vibaya kila nilipojaribu kuusimulia.

Nilikwenda Dubai nikiwa na shahada ya historia na imani kwamba kazi ya mikono humtakasa mtu. Sababu za kuondoka nyumbani zilikuwa zile zile za kila mtu, hazihitaji aya. Nilipata kazi ya kusimama kaunta katika duka la mikate la Kifaransa huko Bur Dubai, chini ya jengo la ofisi, nyuma ya mtaa wa wauza vitambaa. Mbele kulikuwa na meza ndogo za marumaru na wateja waliokunywa kahawa huku wakitazama simu zao. Nyuma, ng'ambo ya mlango wa kusukuma, kulikuwa na joto, unga hewani, na mwokaji Mfaransa ambaye sote tulimwita Chef. Alikuwa mtu mrefu mwenye macho mekundu, asiyepandisha sauti wala kucheka. Aliposikia kwamba nimesoma historia alinikabidhi kazi ambayo haikuwamo katika mkataba wangu: niandike kadi ya kusimamishwa kaunta, ieleze asili ya ule mkate mrefu tuliokuwa tukiuuza. Mteja anayejua anachokula, alisema, hutafuna polepole. Basi alasiri, duka likipoa, nilikuwa nikiketi juu ya gunia la unga naye akinisimulia huku akinoa visu, nusu kwa mapenzi na nusu kwa dharau, kama mtu anayezungumzia ukoo wake mwenyewe.

Wapo wanaosema, alinieleza, kwamba mkate mrefu ulizaliwa kwa ajili ya vibarua waliochimba njia za reli chini ya mji wao mkuu. Vibarua hao walitoka mikoa iliyochukiana, na kila mmoja alibeba kisu cha kukatia mkate wa mviringo. Visu vikawa vinakata watu pia. Wakubwa wa kazi wakaomba mkate unaovunjika kwa mkono, ili visu vibaki nyumbani. Wengine wanasema ulitokana na sheria iliyowakataza waokaji kuanza kazi usiku wa manane: mkate mnene haukuweza kuwahi kifungua kinywa, mwembamba ukaweza. Nilimuuliza ipi kati ya hadithi hizo ni ya kweli. Akasema zote mbili ni nzuri, na hadithi ikiwa nzuri sana yeye huishuku. Alichokuwa na hakika nacho ni sheria ya kwao isemayo kwamba mkate unaoitwa wa jadi uwe ni unga, maji, chumvi na hamira au chachu, ukandwe na kuokwa palepale unapouzwa, na usigandishwe kwenye barafu hata mara moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nilipenda zaidi jambo nililolisoma mwenyewe: kwamba baada ya mapinduzi yao iliamriwa pasiwe tena na mkate mweupe wa tajiri na mkate wa pumba wa maskini, waokaji wote waoke mkate mmoja, mkate wa usawa. Niliyaandika maneno hayo kwenye kadi. Nilikuwa katika umri wa kuamini kwamba neno likishaandikwa vizuri nusu ya kazi imekwisha.

Palikuwa na sharti moja ambalo Chef hakulilegeza kwa yeyote. Mkate ukiwa mkononi, mbele ya tanuri, waweza kuupindua na kuugonga tumboni kwa kidole, usikie kama umeiva. Mkate ulioiva hulia kama debe tupu. Lakini ukishauweka mezani, usiulaze kifudifudi. Akipita akaukuta umelala hivyo, awe na haraka namna gani, atasimama aurudishe. Zamani za wafalme, alitusimulia, kila mji ulikuwa na mnyongaji, naye mnyongaji alihitaji mkate kama watu wengine. Mwokaji hakuthubutu kumnyima wala hakupenda kumhudumia, kwa hiyo mkate wake aliuweka pembeni, uso chini, na watu wote wakajua kwamba huo hauguswi. Ukiupindua mkate mezani unamkaribisha yule mtu nyumbani. Kerubo, mfanya usafi wa duka, aliyekuwa akiosha trei kwenye sinki, aliniuliza kwa Kiswahili kama huyo mzungu ana habari kwamba kwao Kisii wachawi wana kazi ngumu kuliko hiyo. Nilicheka. Lakini nilimwona tangu siku ile, na yeye akiwa ni mtu wa kuosha vyombo tu, akipita kwenye rafu na kuinyoosha mikate kwa vidole viwili, uso juu.

Chumba chetu Al Nahda kilikuwa na vitanda vitatu, pazia moja, na dirisha lililotazama dirisha la jengo jingine. Mama mwenye kitanda cha karibu na mlango alikuwa Bi Zuwena, aliyeshona mabuibui katika duka moja mtaa wa Naif na kurudi jioni vidole vimekufa ganzi. Jikoni tulilitumia kwa zamu na vyumba vingine, kwa hiyo tulikula tukiwa tumeketi vitandani, sahani magotini. Chef alituruhusu kuchukua mikate iliyopinda tanurini. Siku ya kwanza nilipoleta mmoja nilitoa mhadhara mzima: vibarua wa reli, sheria, mapinduzi, usawa. Bi Zuwena alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, huku akiukagua mkate kwa nyuma na kwa mbele. "Mwanangu," akasema, "si boflo hili? Boflo lilovutwa likawa refu." Nikajaribu kumweleza tofauti ya mkate huu na boflo, mkate wa kwao Unguja. Akaendelea kwamba yeye utotoni, akitumwa boflo, lilifika nyumbani halina kichwa, yaani ncha yake, kwa kuwa kichwa cha boflo ni haki ya aliyetumwa, na babu yake hakupata kukiona mpaka anakufa. Nilishangaa, kwa maana Chef alikuwa ameniambia hayo hayo: kwao mkate ukifika nyumbani mzima, watu huuliza aliyeununua anaumwa nini. Bi Zuwena alichovya kipande chake katika chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, kama nilivyomwona Chef akichovya chake katika kahawa, akafumba macho. Tangu hapo kichwa kimoja kilikuwa chake na cha pili tulikigombania mimi na Kerubo. Kipande kikianguka sakafuni, Bi Zuwena alikiokota, akakibusu, akakiweka juu ya dirisha kwa ndege. Katika mji ule nilikula vyakula vingi vizuri zaidi mezani kwa watu wengine. Sikumbuki hata kimoja.

Kabla ya nusu ya mwaka, Chef alianza kumfundisha Kerubo. Haikutangazwa. Siku moja msaidizi wake Mfilipino aliumwa, Kerubo akaitwa kushika donge, na mikono yake ikawa na utulivu ambao Chef alikuwa ameutafuta kwa watu wengi. Alijifunza kukunja, kuvingirisha, kuacha unga upumzike, na kuuchanja kwa wembe, kwa mshazari, bila kusita. Aliharibu mikate mingi, na tuliila mingi. Ilipotimia miezi kadhaa Chef aliomba rasmi Kerubo abadilishiwe cheo kwenye viza, kutoka mfanya usafi kuwa mwokaji. Ambaye hajaishi kule hawezi kujua uzito wa neno moja kwenye viza. Neno lile ndilo lililoamua unalala na wangapi, unasafirishwa na gari gani, na ukienda kuomba kazi kwingine utapokelewa kama nani. Kerubo alikuwa akilitamka chumbani kwa Kiingereza, polepole, akijitazama kwenye kioo cha poda, kisha anajicheka mwenyewe. Bi Zuwena alimshonea kofia nyeupe ya kuzuia nywele, akaifuma ukingo kwa uzi wa samawati. Kerubo aliikunja na kuiweka chini ya mto, akasema ataivaa karatasi ikishatoka.

Karatasi haikutoka. Nilikuwa stoo nikihesabu vikombe niliposikia, nyuma ya mlango wa chumba cha baridi, meneja akimweleza Chef kwamba ipo kampuni inayoleta madonge yaliyogandishwa, yamekwisha kukunjwa na kuchanjwa, kazi ni kuyatia tanurini tu. Hakuna kukanda, hakuna kungoja, na mikate yote inafanana. Chef alijibu kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiingereza, kwamba akitaka kuuza mbao angefungua karakana. Meneja hakukasirika. Alisema mwenye duka, ambaye sote tulimwita arbab, atakuja aonje mikate yote miwili na kuamua mwenyewe. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, kwamba wakichukua ya barafu hapatahitajika mwokaji wa pili, basi lile ombi la yule msichana lingoje. Nilirudi kaunta, nikaisoma kadi yangu, na kwa mara ya kwanza nikaona ilivyo fupi.

Usiku huo chumbani nilihutubia. Nilisema mkate una haki ya kutajwa kwa jina lake, na anayeukanda ana haki ya kuonekana. Kwamba dhuluma hukua mahali ambapo watu wenye elimu hunyamaza. Kwamba siku ya kuonja lazima mtu aseme kweli. Bi Zuwena alikuwa akijichua vidole kwa mafuta ya nazi. Alisema kweli ni nzuri lakini haina iqama, kibali cha kuishi, na mtu asiye na iqama harushi mawe. Nikamgeukia Kerubo nikitarajia kuungwa mkono. Alikuwa amelala chali, kanga usoni. "Mwalimu," akasema chini ya kanga, "wewe ukifukuzwa utaandika kitabu. Mimi nikifukuzwa nitarudi na nini? Wacha mkate ujiongelee." Nilidhani amekata tamaa. Leo nadhani alikuwa anafikiri, na kelele zangu zilikuwa zinamsumbua.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya joto kali, duka limefungwa kwa nusu saa, mapazia ya vioo yameshushwa. Mikate miwili ilipangwa kwenye ubao wa mbao, uso juu, siagi pembeni. Mmoja Kerubo alikuwa ameukanda asubuhi kwa mikono yake. Mwingine ulitoka kwenye sanduku la barafu. Wa sanduku ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Ulikuwa na rangi ya dhahabu kila mahali na chanjo zilizolingana kama za rula. Wa Kerubo ulikuwa umekolea upande mmoja, na chanjo yake ya tatu ilipanda kidogo. Arbab alikuja na kanzu nyeupe na harufu ya udi, akatusalimia wote, hata waliokuwa mlangoni, kwa heshima ambayo meneja hakuwahi kutupa. Alimega wa kwanza, akala, akamega wa pili, akala, akanywa maji. Kisha akaweka kidole juu ya mkate uliotoka kwenye sanduku, akasema kwa furaha ya kweli kwamba huu ndio wa mkono, mtu anaona kabisa, mikono ya Chef haijifichi. Meneja alitabasamu. Nikamtazama Chef. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Nikajiambia, sasa, nikafungua kinywa, na nilikuwa bado natafuta sentensi ya kuanzia iliyo na adabu na nguvu pamoja, Kerubo alipopita mbele yangu.

Alikuwa na taulo la vyombo begani. Alifika mezani, akashika mkate mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono ule, akaipindua yote miwili, akailaza kifudifudi juu ya ubao. Tumbo la mmoja lilikuwa bapa, lina vumbi la unga na alama za jiwe la tanuri. Tumbo la pili lilikuwa na vidoadoa, safu kwa safu, vidogo na sawasawa, kama ngozi iliyochomwa sindano na mashine, kwa sababu mikate ile iliokwa kwenye trei za matundu.

"Sir," akasema, "huu wa vidoa umetoka kwa sanduku. Huu ni wangu. Niliukanda mimi."

Meneja alisema jina lake kwa sauti ya chini, lakini arbab aliinua mkono, akainama, akaitazama mikate kwa muda mrefu kama mtu anayesoma. Akamuuliza anaitwa nani na anatoka wapi. Akacheka, si kwa kejeli. Alicheka kama mtu aliyeshindwa mchezo na mtu anayempenda. Akamshukuru. Halafu akanyooka, akapangusa vidole, akasema maneno ambayo nimeyabeba kuliko yote niliyoandikiwa kwenye vyeti.

"Kerubo, umesema kweli. Lakini niambie, katika wateja wangu, nani anaupindua mkate?"

Akamgeukia meneja, akasema khalas, imekwisha, walete ya sanduku. Walipotoka, wakiwa bado wanazungumza mlangoni, Chef alikwenda mezani. Nilidhani atapiga ubao kwa ngumi. Aliishika mikate yote miwili, ule wa Kerubo na ule wa sanduku, akairudisha uso juu, mmoja baada ya mwingine, akaondoka kwenda nyuma.

Kerubo hakufukuzwa. Alirudishwa kwenye sinki, na ombi lake likabaki lilipokuwa mpaka lilipokufa. Chef aliondoka mwisho wa mwezi baada ya kumpa kila mmoja wetu mkono. Mimi nilifanya kitu kimoja: asubuhi ya kwanza ya mikate ya barafu niliiondoa kadi yangu kaunta na kuitia mfukoni mwa aproni, kifua kimejaa ujasiri. Kesho yake nilikuta kadi nyingine, imechapwa kwa mashine, kubwa kuliko yangu, ina picha ya mnara wa Wafaransa na maneno yangu yote, mkate wa usawa ukiwemo. Wateja waliisoma na kusema ni jambo la kuvutia. Kerubo alipoiona aliniambia niiache, nisitafute kifo kwa ajili ya karatasi. Mkataba wa Kerubo ulipokwisha Bi Zuwena alimkumbusha kofia iliyokuwa chini ya mto. Akaivaa mbele ya kioo cha poda, akajitazama, akaivua, akaitia katikati ya nguo za safari. Mwaka uliofuata fedha za dunia ziliyumba, winchi zikaanza kusimama juu ya majengo yasiyokwisha, watu wakapungua kwenye gari la kampuni, na mimi pia nikarudi. Nimefundisha mapinduzi yale kwa vijana wa chuo muhula baada ya muhula. Nikifika kwenye mkate wa usawa nasikia uchovu miguuni, kama nimesimama kaunta tangu alfajiri.

"Mwalimu," Kerubo akaita kutoka jikoni, "upindue tu. Najua unakufa."

Nikaupindua. Vidoa vilikuwepo, safu kwa safu.

Alikuja na trei ya chai, akaona nilichokiona, hakuona haya. Alisema mikate hiyo inaletwa na lori kutoka Nairobi, imeganda kama kuni, na yeye ndiye msimamizi wa tanuri katika supamaketi ya mjini kwao Kisii. Wamempa kofia yao lakini anavaa ile ya Bi Zuwena, na kifuani amebandikwa kibao chenye neno lile lile alilokuwa akilitamka mbele ya kioo. "Walinipa siku ya kwanza tu," akasema. "Hata hawakuniuliza kama najua kukanda." Nilitafuta la kumwambia. Nilikuwa na sentensi kadhaa, zote zimejengwa vizuri.

Hakuzingoja. Aliweka trei chini, akaushika mkate kwa mikono miwili, akaurudisha uso juu. "Usiulaze hivyo," akasema. "Ni mkate." Kisha akavunja ile ncha iliyobaki, akanipa.

"Kichwa hiki ni chako. Kile kingine kilikuwa cha Bi Zuwena. Nilikila kwa niaba yake njiani, pale Longido."

Tukachovya.